Anapeleka maji ghorofani, kisima cha mkewe kinakauka

Saa nne asubuhi, na jua limeshaanza kuchoma mabega. Dereva mmoja mwembamba, shati limemganda mgongoni, anavuta mpira mzito kutoka kwenye boza lake la maji na kuupitisha chini ya geti la jengo la ghorofa tano. Mlinzi amejibanza kivulini. Anamwelekeza kwa kidole kana kwamba mtu huyu hajawahi kufika hapa, na ilhali juzi tu alikuwa hapa hapa.

"Kushoto, mzee. Kushoto zaidi. Hapo hapo."

"Najua lilipo tenki lenu, bwana," dereva anamjibu bila kuinua kichwa. "Nalijua kuliko kitanda changu."

Anafungua koki. Mpira unajikunja, unavimba, na maji yanaanza kuguruma ndani ya tenki lililofukiwa chini ya saruji. Juu, kwenye roshani zilizojaa nguo, vichwa vinachungulia.

"Mvua kaja!" mtoto mmoja anapiga kelele. "Mama, Mvua kaja!"

Milango inafunguliwa. Ndoo zinagongana kwenye ngazi. Wakazi wa hapa hawaisubiri pampu ya jengo ipandishe maji juu. Wamejifunza kuteremka mapema, kabla jirani hajajaza mapipa yake.

Mvua ndilo jina analoitwa na mtaa mzima. Ana miaka hamsini na mitatu, na amekuwa akiendesha maboza ya maji kwa muda wa kutosha kuzeesha magari mawili. Bomba la mtaa lilipita hapa miaka mingi iliyopita, wakati nyumba zilipokuwa za kuhesabika. Sasa ghorofa zimesongamana mpaka roshani zinakaribia kusalimiana, na bomba ni lile lile. Siku likitoa maji, linatoa kwa kukohoa.

"Mwanzoni nililipenda hilo jina," anasema, akifuta jasho kwa kiwiko. "Nani hapendi kushangiliwa? Siku hizi nikiitwa hivyo nanyamaza tu. Naogopa mke wangu asije akasikia."

Anacheka kidogo, ila macho hayacheki.

Maji yakiisha, anakunja mpira, anaubeba begani na kuutupa juu ya gari. Mgongo unamuuma, anausukuma kwa ngumi mara mbili kabla ya kupanda. Kisha anageuza boza na kurudi kwenye kisima cha bosi wake kuchukua mzigo mwingine.

Njia ya kwenda kisimani inashuka na kulizunguka bonde. Upande wa juu ni kuta, mageti na milundo ya kokoto. Upande wa chini bado kuna mabaki ya bustani: matuta machache ya mchicha, bamia na vitunguu, mengine kijani, mengi rangi ya majivu. Mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni ameinama juu ya shimo la kisima, anavuta kamba.

Dereva anapiga honi moja fupi. Mwanamke hainui kichwa.

"Kasikia," anasema dereva. "Ana hesabu zake. Akiwa anavuta maji, hasalimii mtu."

Huyo ndiye mkewe. Bondeni wanamwita Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti wawili aliowazaa kwa mpigo. Wamekwisha kuwa watu wazima: mmoja ni fundi cherehani, mwenzake bado yuko chuoni anasomea uuguzi. Karo ya chuo inatoka kwenye boza. Mboga za nyumbani zinatoka kwenye bustani. Na boza na bustani vinakunywa chini ya ardhi ile ile.

Maisha yao hayakuanza hivi. Walipooana, wote wawili walikuwa wakulima. Kijito kilikuwa kikipita katikati ya bonde, si kikubwa, lakini hakikukatika hata jua likiwa kali. Visima vya bustani vilikuwa vifupi. Mtu alipiga magoti, akachovya ndoo kwa mkono.

"Sikujua kamba ya kisima ni kitu cha kununua," anasema Mama Pacha. Amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, amenyoosha miguu, anajipulizia uso kwa kipande cha boksi. "Nilikuwa na kisima ambacho mtoto angeweza kunawia."

Mji ulipoanza kusogea, hakuna aliyenuna. Kwa kweli walishangilia. Mafundi wa ujenzi walihitaji kula, na wake za wenye nyumba walihitaji mboga. Mama Pacha alikuwa akipanda na kapu kichwani hadi kwenye nyumba mpya na kurudi nalo tupu kabla ya saa tatu.

"Tulijiona tumepata," anasema. "Soko limekuja mlangoni, lenyewe, kwa miguu yake. Mume wangu alikuwa anasema, wajenge, wajenge, na sisi tuna meno."

Lakini kila nyumba ilikuja na uwanja wa saruji, na kila uwanja ulikuja na ukuta. Maji ya mvua yaliyokuwa yakizama taratibu kwenye udongo wa juu na kulisha bonde mwaka mzima, sasa yalikuwa yanateleza juu ya saruji na kwenda zake siku hiyo hiyo. Kijito kikapungua, kikawa kama uzi. Baadaye kikaja kuchimbuliwa na kujengewa kingo za zege, kikaitwa mtaro. Leo kinachopita humo ni maji ya sabuni, na harufu yake unaisikia kabla hujayaona.

Mavuno yakaanza kusuasua. Mabinti walikuwa shule, na kila muhula ulikuja na madai yake. Dereva, ambaye wakati huo hakuwa dereva, akajifunza kuendesha kwenye lori la mchanga la shemeji yake. Akabeba mchanga kwa miaka kadhaa, mchanga uliojenga baadhi ya hizi hizi ghorofa. Kisha mkulima mwenzao wa nyanya, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akauza nusu ya shamba lake na kuitumia ile pesa kuchimba kisima kirefu kwa mtambo kwenye nusu iliyobaki. Akaweka pampu kubwa. Akatafuta madereva.

"Alinijia nyumbani," dereva anakumbuka. "Akaniambia, ndugu yangu, kilimo kimeshatukimbia, lakini watu hawa wa juu watakunywa tu. Niliona anasema kweli. Na alikuwa analipa vizuri kuliko mchanga."

Mama Pacha hakupinga. Alisema jambo moja tu: yeye habanduki bustanini.

Kwa muda mambo yalikwenda. Mume alishinda barabarani, mke alishinda bondeni, jioni wakakutana kwenye sahani. Kisima cha mke kilikuwa kinashuka mwaka hadi mwaka, lakini kila mtu bondeni alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema mvua zimebadilika. Wengine walisema ni mtaro. Kamba ikaongezwa pima moja, ikaongezwa tena. Fundi wa visima akaitwa kuchimbua chini zaidi, akapandisha matope na mawe, akalipwa, akaondoka.

Ukweli ulijulikana siku mota ya pampu ilipoungua.

Ilipelekwa kwa fundi mjini na ikakaa huko karibu wiki nzima. Maboza yote yalilala. Dereva alikuwa nyumbani, hana raha, kwa kuwa analipwa kwa safari na siku bila safari ni siku ya bure. Asubuhi moja mkewe akamwita kutoka bustanini.

"Baba Pacha, njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo kwanza."

Alipofika, mke akamkabidhi kamba. Dereva akaitumbukiza ndoo kama alivyozoea kumsaidia siku za mapumziko, akijua itashuka mpaka kamba iishe na irudi na maji ya rangi ya chai. Ndoo ikagonga maji mapema, kabla kamba haijafika nusu. Akaivuta. Maji yalikuwa meupe.

"Nilitaka aseme kitu," anasimulia. "Aseme, nimjibu, tugombane, yaishe. Hakusema. Alinisubiri nimalize kuvuta, akachukua ndoo yake, akaenda kumwagilia. Mimi nikabaki nimeshika kamba."

Kabla ya wiki kwisha mota ilirudi. Bosi akampigia simu na dereva akaenda kazini. Kisima cha bustani kikaanza tena kushuka, na kufikia mwisho wa mwezi kilikuwa kwenye matope yake ya kawaida.

Nyumbani hawakulizungumza. Anasema walizungumzia chumvi, walizungumzia bati linalovuja, walizungumzia mabinti. Hilo moja walilipita kando kama watu wanaokwepa dimbwi njiani.

Akaanza kutafuta njia ya kujisafisha. Kila boza likimwagwa, chini ya tenki hubaki maji ambayo hayatoki mpaka gari liinamishwe. Wenzake huyaacha. Yeye akawa anasimama kwenye mteremko juu ya bustani, pua ya gari juu na koki chini, anayamalizia kwenye pipa la mkewe. Safari kwa safari, pipa lilijaa.

Mama Pacha akayatumia. Mchicha ukanyanyuka, majani yakawa mapana. Kwa wiki chache alikuwa na cha kupeleka sokoni.

"Lakini matuta yangu yalikuwa kijani peke yake," anasema. "Huku jirani amekauka, kule jirani amekauka, katikati mimi nameremeta. Wanawake wenzangu wakawa wananiitikia salamu nusu. Mmoja nilimwazima jembe, akalirudisha kwa kuliegemeza ukutani, hakubisha hodi. Nikajua."

Jioni moja dereva alipofika na mabaki yake alikuta pipa limepinduliwa, mdomo chini.

"Hili pipa vipi?"

"Liache hivyo."

"Nimekuletea maji, mama."

"Maji gani? Unayavuta chini ya miguu yangu kwa pampu, halafu unanirudishia kwa kijiko. Na wenzangu wananitazama. Yaache, Baba Pacha. Nimechoka kushukuru."

Dereva anasema maneno yale yalimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Alirudi kwenye gari na kuyamwaga maji barabarani. Hakujua kwingine pa kuyapeleka.

Siku chache baadaye, foleni ya maboza ilikuwa imejipanga nje ya geti la kisima kama kawaida, yeye wa kwanza, injini ikinguruma. Geti halikufunguliwa. Alipochungulia, akaona wanawake wa bondeni wamekaa chini mbele yake, madumu matupu yamewazunguka. Walikuwa kama kumi na tano. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Aliyekaa katikati, mgongo umeegemea chuma cha geti, alikuwa mkewe.

Madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi. Mmoja wao, kijeba mwenye maneno mengi anayeitwa Breki kwa sababu gari lake halina za kutegemewa, akaja mbio.

"Kaka, vipi? Mbona husogei?"

"Huoni?"

Breki akatazama. Akaona. Akashusha sauti.

"Si shemeji yule?"

"Ndiye."

"Sasa si umwambie anyanyuke, tupite?"

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mke wako, nimwambie mimi?" Breki akajikuna shingo. "Mimi nina mke wangu wa kunitosha."

Dereva akazima injini. Anasema ndilo jambo pekee alilofanya siku ile ambalo anaweza kulisimulia bila aibu. Aliteremka, akasogea mpaka mbele ya mkewe, akachuchumaa. Watu wote walikuwa wanamtazama, madereva kwa nyuma na wanawake kwa mbele.

"Mama Pacha, ungeniambia."

"Ningekuambia ufanye nini?" mke akamjibu, sauti ya chini, ya mtu asiye na nguvu za kugomba. "Sikuja kwako. Nimekuja kwa mwenye pampu. Wewe rudi kwenye gari lako ukae."

Akarudi. Hakuketi na madereva, hakuketi na wanawake. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa gari, katikati ya barabara, jua likimpiga kichwani. Anasema hajawahi kujiona mrefu na asiye na kazi kama siku ile.

Mwenye kisima alifika baadaye kidogo, amevaa kandambili, inaonekana aliitwa akiwa mezani. Hakufoka. Aliwajua wote, baadhi yao alikuwa akiwauzia miche ya nyanya zamani. Alisimama mbele yao mikono nyuma.

"Jamani, hamjambo. Tatizo ni nini?"

"Hujambo wewe," akajibu bibi mmoja anayejulikana kwa jina la Bibi Vitunguu, kwa sababu hajawahi kupanda kitu kingine. "Sisi hatuna cha kunywa, hatuna cha kumwagilia. Pampu yako ikifa, visima vyetu vinafufuka. Tumeona kwa macho yetu."

"Bibi, kisima changu kiko kwenye kiwanja changu. Nimekilipia. Kibali ninacho."

"Kiwanja ni chako. Na maji ya chini nayo ulijenga ukuta?"

Wanawake wakacheka, na hata madereva wengine wakacheka. Mwenye kisima naye akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa.

"Nikifunga, watu wa juu watakunywa nini? Mle ghorofani mna wagonjwa, mna watoto wachanga. Mnataka niwaambie wakale saruji?"

Hapo Mama Pacha akazungumza. Hakusimama.

"Hatukusema ufunge. Tunataka visima vipumzike. Vuta asubuhi. Ikifika mchana, zima, mpaka kesho yake. Hayo tu. Ukikataa, sisi tuna siku nzima. Bustanini hatuna cha kufanya tena."

Walibishana hadi jua likaanza kugeuka. Mwisho mwenye kisima akakubali: pampu itazimwa saa nane mchana na haitawashwa mpaka asubuhi. Wanawake wakabeba madumu yao. Mama Pacha alipopita kando ya boza, dereva akainuka kumpisha.

Usiku huo, anasema mkewe alimtengea chakula kama siku zote na kumuuliza kama mgongo bado unauma.

"Nikamwambia unauma. Akanikanda. Basi. Hayo ndiyo maneno tuliyosema."

Makubaliano yalikuwa na gharama yake, na gharama ilimwangukia yeye kwanza. Safari sita kwa siku zikawa nne. Karo ya binti ikaanza kwenda kwa vipande, na siku moja binti akarudishwa nyumbani mpaka baba yake alipokopa kwa Breki. Simu nayo haikupoa. Wakazi wa ghorofani walitaka kujua kwa nini maji hayaji mchana.

Kuna mama mmoja kijana wa ghorofa ya nne ambaye dereva anamkumbuka hasa. Alipiga simu akilia. "Mvua, nina kichanga cha wiki mbili, nepi zimejaa beseni, sina hata tone la kuoshea chupa. Nimekukosea nini?"

"Hakunikosea kitu," anasema dereva, akizungusha ufunguo wa gari kidoleni. "Yeye alipanga nyumba tu. Angejuaje kwamba maji yake yanatoka kisimani kwa mke wangu? Ukiwa kwenye bomba huoni yanakotoka. Mimi ndiye ninayeona pande zote mbili, na sina dawa ya upande wowote."

Bondeni, visima vilipanda. Si kama ile wiki ya mota, lakini vilipanda vya kutosha mtu kumwagilia asubuhi na jioni. Mama Pacha alirudisha matuta aliyokuwa ameyaacha, akapanda bamia. Wanawake wakaanza tena kumwitikia salamu nzima.

Ilidumu msimu mmoja.

Kisha mtambo wa kuchimba ukafika upande wa pili wa barabara, ukanguruma siku kadhaa, na kikazaliwa kisima kingine kirefu, chenye pampu kubwa kuliko ile ya kwanza na maboza mapya yanayong'aa. Kisima hicho kinavuta mchana na usiku. Mwenye kisima wa kwanza, alipoona wateja wake wanahama, akaacha kuzima saa nane. Dereva hamlaumu sana. "Ungekuwa wewe ungezima?" anauliza.

Wanawake walikwenda kwenye geti jipya na madumu yao. Walimkuta mlinzi peke yake. Mwenye mali anaishi mji mwingine, akawaambia, na yeye mwenyewe hajawahi kumwona. Akawapa namba ya simu. Walipiga wote kwa zamu, kila mmoja kwa simu yake. Haikupokelewa. Walikaa hadi alasiri, mlinzi akawaonea huruma na kuwapa maji ya kunywa, wakarudi nyumbani.

"Siku ile ya kwanza tulikuwa na hasira," anasema Mama Pacha. "Hasira inakupa nguvu. Siku ya pili tulikuwa na miguu mizito tu. Ukiwa na mtu wa kugombana naye, una bahati. Sisi tuligombana na geti."

Bibi Vitunguu aliuza kiwanja chake mwezi uliofuata. Alipoulizwa sababu alisema amechoka kuvuta matope kwa mikono ya miaka sabini. Wanunuzi walileta tofali wiki ile ile, na sasa ukuta wao umefika usawa wa bega. Wengine wawili wamemfuata. Bustani zilizokuwa zimejaa bonde zima leo zimebaki sita, na mboga wanazokula watu wa ghorofani zinakuja kwa malori kutoka mbali, zikiwa zimenyauka kingo. Mama Pacha ameziona sokoni. Anasema alizigusa, akazionea huruma.

Madalali wanakuja kila wiki. Wana lugha tamu, wanamwita "mama mzazi". Mume wake hakumficha mwandishi kwamba kuna siku alitaka wauze.

"Nilimwambia, tuuze, tumalize karo, tupange chumba na sebule kama watu wengine. Akaniuliza, tukapange wapi? Nikasema, hata huko juu. Akaniambia, na maji nani atatuletea? Tukacheka mpaka machozi yakatoka."

Wazo walilo nalo sasa ni la mke. Lilimjia katika mvua zilizopita, siku ambayo maji kutoka kwenye nyua za saruji yalijaa mtaro, yakafurika, yakapita juu ya bustani yake na kuchukua matuta mawili ya vitunguu. Alisimama mlangoni, kanga kichwani, akayatazama yakipita. Yalikuwa mengi kuliko aliyovuta kisimani mwaka mzima. Kesho yake hapakuwa na kitu ila matope na chupa za plastiki.

"Nikasema, haya maji ni ya nani? Hayana pampu, hayana kibali, hayana geti. Yanapita tu kwangu na kuniharibia. Si niyashike?"

Wanachimba bwawa. Liko kwenye kona ya juu ya bustani, mahali maji yanapoingilia, na litatandikwa turubai mbili za lori la mchanga ambazo dereva aliomba kwa shemeji yake. Bibi afya wa eneo amewashauri kutenga maji ya kwanza ya mvua, yenye uchafu wa mtaro, na kuacha yapite kando. Wamechimba kijifereji kwa ajili hiyo. Hawajui kama turubai zitashika. Hawajui kama jirani mpya, ukuta wake ukikamilika, hatayageuza maji upande mwingine. Fundi waliyemuuliza alitingisha kichwa, akasema wajaribu.

Wanachimba Jumapili, siku ambayo dereva hana zamu. Jumapili hii shimo limemfika Mama Pacha kifuani. Yeye yuko ndani, anajaza udongo kwenye karai. Mumewe yuko juu, anapokea, anakwenda kumwaga, anarudi. Hawaharakishi. Kila baada ya karai chache dereva anasimama, anashika kiuno, na mkewe anaegemea ukingo wa shimo kumsubiri, bila kumsema.

Kama bwawa likishika maji ya msimu mmoja tu, dereva anasema, atamwomba bosi apunguziwe siku za kazi, arudi bustanini nusu wiki. Binti akimaliza chuo, pengine atakabidhi ufunguo kabisa. Anaongea polepole, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia.

"Usiseme sana," mkewe anamkatiza kutoka chini. "Bado haijanyesha."

"Lakini wewe una mpango gani, Mama Pacha?" anaulizwa.

Anapangusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, anaacha mstari wa udongo.

"Nikipata maji, nitapanda vitunguu. Bibi Vitunguu alinipa mbegu zake zote siku anahama." Anatazama shimo, kushoto, kulia, kama anayelipima upya. "Nisipopata, basi tutakuwa na shimo. Shimo letu wenyewe."

Anacheka, na safari hii mumewe anacheka naye. Kisha anainua karai lililojaa juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na mume anapiga magoti ukingoni kulipokea.